Uji Niliompikia Wifi

Wifi yangu anaitwa Sindano, na jina hilo hakulipata kwa cherehani peke yake. Ulimi nao ulichangia. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na tumeishi nyumba moja miaka ishirini na sita, tangu alipoachana na mumewe akarudi kwa kaka yake na begi moja na cherehani. Siku aliyoingia nilimwambia, "Karibu wifi, ila jiko ni langu." Akanijibu bila kuweka begi chini, "Baki nalo. Sijaja kunenepa."

Basi ikawa hivyo. Yeye alichukua chumba cha mbele chenye dirisha, akashona. Mimi nikabaki na jiko, na ufunguo wake nikautundika shingoni. Mtu hakuvuka mpaka wa mwenzake, na mume wangu alipofariki mpaka haukufa naye.

Sindano ameshona sare za shule za mtaa mzima. Hapimi mtoto kwa futi. Anamtazama mara moja, anamgeuza kwa bega, anakata. Mama mmoja alimlalamikia, "Fundi, mbona hukumpima?" Akasema, "Nimempima wakati wewe unaongea, ndiyo maana nimechelewa." Sare zikawa sawasawa, na mama yule akarudi na watoto wa dada yake.

Mimi ni dobi wa hospitali kubwa. Mwaka Sindano alipougua nilikuwa nimetimiza miaka thelathini na moja kwenye nguo za chumba cha upasuaji. Watu wanadhani kazi hiyo ni kufua tu. Nguo zikishafuliwa na kupigwa pasi hufungwa mabunda, kila mgonjwa bunda lake, kisha huingia kwenye mtungi wa mvuke kuuawa vijidudu. Bunda kubwa ni la tumbo. Bunda dogo ni la ziwa, la shingo, la mkono. Kila siku saa nane mchana inateremka karatasi kutoka juu inayosema kesho wanataka makubwa mangapi na madogo mangapi. Kusoma nilijifunza ukubwani, nasoma kwa kidole, lakini karatasi ile sikuhitaji kidole. Makubwa saba, madogo matano, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kawaida. Nilikuwa nikijisifu kwamba naijua thieta, hicho chumba cha upasuaji, kuliko madaktari, na kusema kweli kuna madaktari waliokubali.

Uvimbe Sindano aliugundua kwa gauni. Alijishonea gauni lake mwenyewe, likavuta upande wa kushoto. Akalifumua, akalishona upya, likavuta tena. Mtu asiyekosea kukata kwa miaka arobaini akajua kwamba kosa haliko kwenye gauni. Aliniita chumbani kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauchukua mkono wangu akauweka kwenye ziwa la kushoto. "Wewe si wa hospitali?" akasema. "Niambie."

Kesho yake nikampeleka hospitali. Walimpima, wakakata kipande kidogo wakakipeleka kwenye darubini, likaja jina lenyewe: kansa ya ziwa. Ilikuwa bado ndogo. Daktari wa upasuaji, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Daktari Polepole kwa namna anavyosema neno moja kama analipima, alimwambia atautoa uvimbe peke yake, ziwa libaki. Akapewa siku, mwezi wa tatu. Masharti yalikuwa ya watu wote: asile wala asinywe kitu kuanzia saa sita za usiku.

Asubuhi ile nilikoroga uji.

Nataka niliseme hili vizuri kwa sababu nimelisema vibaya mara nyingi moyoni. Sikusahau masharti. Nilikuwa nayajua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Lakini tangu nizaliwe sijatoa mtu kwangu na tumbo tupu, hata anayekwenda kuchota maji tu, sembuse anayekwenda kukatwa kisu. Nilimpelekea kikombe.

"Wifi, wamesema nisile."

"Nani amekwambia uji mwepesi ni chakula? Haya ni maji yaliyopita karibu na unga. Miaka thelathini na moja niko pale, leo unifundishe wewe?"

"Sikufundishi. Nasema walichosema."

"Kunywa. Utaanguka njiani halafu watu waseme umetoka kwangu na njaa."

Akanywa nusu kikombe. Hakunywa kwa njaa, alikunywa ili nimwondokee.

Hospitalini akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, na mimi nikaenda kazini kwangu kama kawaida. Nilikuwa nasukuma kigari cha mabunda koridoni nilipomkuta daktari wa nusukaputi, yule anayewalaza watu usingizi, amemwinamia. "Mama, tangu jana usiku umekula au umekunywa chochote?"

Sindano hajui kusema uongo mdogo. "Nimekunywa uji," akasema.

"Hukuambiwa usinywe?"

"Niliambiwa." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Hakunitazama. "Nilisahau."

Nikanyamaza. Mimi, ambaye sijawahi kunyamazia mtu, nilishika kigari changu nikanyamaza. Daktari akamweleza kwamba dawa ya usingizi ikikuta kitu tumboni, kitu kile kinaweza kupanda na kushukia mapafuni, na mtu asiamke. Wakaandika kwenye faili, wakamrudisha. Bunda lake dogo lilirudi kwangu halijafunguliwa. "Tutakupangia wiki ijayo," wakamwambia.

Wiki ijayo ndiyo ugonjwa wa kupumua ulipoingia mjini.

Sina haja ya kusimulia habari zake, kila mtu ana zake. Nitasema tu nilichokiona mimi. Mashine za kupumulia za thieta zilihamishiwa wodini. Wauguzi wa thieta wakahamishwa nazo. Karatasi ya saa nane ikaanza kupungua: makubwa matatu, madogo mawili. Makubwa mawili. Siku moja ikateremka karatasi tupu, nikairudisha juu nikidhani wamesahau kuandika. Hawakusahau. Mashuka ya wodi yalikuja kama mafuriko, tukifua tangu asubuhi hadi jioni na barakoa zimelowa usoni, na rafu za mabunda ya upasuaji zikakaa kimya. Wenye kansa walikuwa majumbani, uvimbe wao haujasikia kwamba kuna dharura.

Sindano alipewa vidonge vya kuushikilia uvimbe akisubiri. Shule zilifungwa, akaacha sare akashona barakoa. Hatukuuzungumza uji. Hata siku moja.

Mwezi wa sita hospitali ikaunda kamati. Nafasi za kansa zilikuwa tatu kwa wiki, wagonjwa wakizidi thelathini, na madaktari walichoka kuamua peke yao na kushutumiwa peke yao. Wakataka awepo mtu mmoja asiye daktari wala muuguzi. Wafanyakazi wakapiga kura, wakanichagua mimi. Sababu yake ni ya zamani: niliwahi kumnyima mashuka mganga mkuu mwenyewe, alipotaka ya wageni wake nyumbani. Nilimwambia alete karatasi yenye sahihi. Akasema, "Bibi, sahihi ni yangu mimi." Nikamwambia, "Basi haitakusumbua kuipata." Hakuleta, hakupata.

Nilipomweleza Sindano habari za kamati alicheka hadi uzi ukakatika. "Wewe unayesoma kwa kidole, leo utamhukumu nani?"

"Watanisomea."

"Haya, mheshimiwa." Kisha akaacha kucheka. "Lakini sikia, wifi. Siku faili langu likifika mezani, wewe toka nje. Sitaki nije kusikia sokoni kwamba nimepona kwa mgongo wako."

"Kanuni ndiyo inasema hivyohivyo."

"Kanuni na mimi tumekubaliana, basi. Umebaki wewe."

Tulikuwa wanne pale mezani: Daktari Polepole kama mwenyekiti, daktari wa nusukaputi, Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, na mimi. Majina ya wagonjwa yalifutwa, kukawa na namba tu. Metroni alisoma, tukauliza maswali manne. Ugonjwa huu unakimbia au unatembea? Akikatwa atapona, au tutakuwa tumemsumbua bure? Akitoka atahitaji kitanda cha mashine, ambacho hakipo? Na je, iko dawa ya kumshikilia akisubiri? Baada ya hapo tunachagua watatu. Wengine wanarudi kwenye kabati.

Nilidhani itakuwa kazi ya kujivunia, na wiki ya kwanza nilitembea kifua mbele. Wiki ya pili nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Faili linalorudi kabatini lina uzito kuliko shuka la maji. Unajua kwamba kuna mtu mahali fulani amekaa karibu na simu, na simu haitalia, na aliyesababisha isilie ni wewe na wenzako watatu mliokunywa chai ya saa nne vizuri tu. Wiki hiyohiyo mkubwa mmoja alimpigia simu mwenyekiti kumtetea namba nane. Daktari Polepole akatueleza, akatutazama. Nikasema, "Namba nane aje kwa miguu ya faili lake, asije kwa simu." Wakanikubalia. Namba nane akasubiri.

Wiki ya nne, Metroni akafungua faili jingine. "Namba kumi na nne. Mwanamke, miaka sitini na mmoja. Uvimbe ziwa la kushoto. Yuko kwenye vidonge tangu mwezi wa tatu, ila kipimo cha juzi kinaonyesha umekua kidogo. Hatahitaji kitanda cha mashine." Akageuza ukurasa. "Alishapewa nafasi, ikapotea asubuhi ileile. Alikunywa uji."

Nikakiweka kikombe changu cha chai mezani.

"Namkumbuka," akasema daktari wa nusukaputi. "Nilimuuliza mwenyewe. Aliambiwa, na akanywa. Nafasi ile ilikufa bure, hatukuwa na mtu wa kumwingiza haraka. Sasa tuna nafasi tatu. Tukimpa, akanywa tena? Mimi naona tuwape kwanza wanaofuata masharti."

Hapo nilitakiwa kusema neno moja tu: namjua. Kisha nisimame nitoke. Ndivyo alivyotaka Sindano, ndivyo ilivyotaka kanuni. Lakini kama ningetoka hivyo, uji ule ungebaki ndani ya chumba na jina la mtu mwingine.

"Mwenyekiti," nikasema, "huyu ni wifi yangu."

"Asante kwa kusema, bibi. Tafadhali tusubiri nje."

"Natoka. Lakini nina neno."

"Ukishamjua mgonjwa, bibi, huna neno."

"Si la kumtetea. Ni la kujishtaki." Nilikuwa nimeshasimama, nimeshika mgongo wa kiti. "Hakusahau huyo. Alikataa. Uji nilikoroga mimi, nikampelekea mimi, nikamlazimisha mimi. Alipoulizwa alinifichia, na mimi nilikuwa pale na kigari changu nikasikia."

Daktari wa nusukaputi alivua miwani. "Wewe, bibi? Wewe uliyenifukuza koridoni mwaka wangu wa kwanza kwa sababu ya viatu?"

"Ndiye mimi."

"Na masharti ulikuwa unayajua."

"Kuliko wewe. Nilidhani ni ya watu wengine."

Daktari Polepole akaniambia kwa sauti yake ile ya kupima, "Sasa… toka… bibi."

Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la koridoni, lile lililobandikwa utepe ili watu wasikaribiane. Nikamfikiria namba nane. Yeye alitetewa kwa simu, nikamfukuza. Wifi yangu alitetewa kwa mdomo, ndani ya chumba chenyewe, na mimi niliyemfukuza yule. Unaweza kuyaita kujishtaki, lakini nilijua wazi nilichokuwa natafuta.

Baada ya muda Metroni akatoka, akakaa upande wa pili wa utepe.

"Lile la uji tumelifuta," akasema. "Mwenyekiti amesema halikuwa swali letu tangu mwanzo. Maswali ni manne, na hilo si mojawapo. Halitasomwa tena kwa mgonjwa yeyote."

"Na yeye?"

"Wiki hii hakupata. Vidonge bado vinamshikilia. Wale watatu hawana cha kuwashikilia. Yeye ni wa kwanza tutakapokaa tena."

"Ningekuwa ndani ningesema hivyohivyo."

Metroni akanitazama. "Ungesema?"

Nilifikiri. "Sijui, mwanangu. Sijui kabisa."

Akaishika barakoa yake kama mtu anayejikuna. "Na bibi… kiti chako. Ulitakiwa utoke kwanza. Wanasema watamtafuta mwingine."

"Waambie wasichague mpishi," nikasema, nikateremka kwenye nguo zangu.

Kufikia saa nane, karatasi ilipokuja, hospitali nzima ilikuwa na habari ya uji. Hospitali haina siri, ina milango tu. Binti wa kupiga pasi, ambaye nilikuwa nikimkaripia kila siku kwa kukunja vibaya, aliniuliza kwa adabu zote kama nimeshapata chai. Nilijua anauliza habari ya uji. Nilimwambia sijapata, akaniletea, tukaendelea.

Nyumbani nilivuka mpaka. Niliingia chumba cha mbele bila kuitwa, nikakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Nimewaambia," nikasema.

Mguu wake ulikuwa kwenye cherehani. "Umewaambia nini?"

"Uji."

Cherehani ikasimama. "Nani alikutuma? Miezi minne nimekibeba kikombe kile, wewe unakwenda kukimwaga mezani mbele za watu?"

"Ulikibeba kwa nini? Si nilistahili?"

"Ulistahili! Nani kasema hukustahili?" Alikuwa amekasirika kweli. "Mimi wakinidharau pale natoka zangu, narudi kwenye vitambaa vyangu. Wewe kesho asubuhi unaingia mlango uleule. Ungeishi vipi, na jeuri yako hiyo? Ungekufa kabla yangu."

Nikaokota vitambaa vilivyoanguka, nikavikunja.

"Na nafasi nimepata?" akauliza baadaye.

"Wiki hii hapana. Wewe ni wa kwanza safari ijayo."

"Nani kapata?"

"Siwezi kukwambia."

"Ni vijana?"

Nikanyamaza. Akalivuta kapu la vitambaa karibu. "Haya. Nipe huo uzi mweusi hapo ulipo."

Safari ijayo haikuwa wiki iliyofuata. Wafanyakazi wawili wa nusukaputi waliugua, thieta ikafungwa siku kumi na mbili. Kila saa nane niliipokea karatasi na kila saa nane haikuwa na kitu. Siku ya kumi na tatu nikasoma kwa kidole, mimi ambaye sikuhitaji kidole: kubwa moja, dogo moja. Asubuhi hiyo Metroni alikuwa amempigia Sindano simu. Bunda dogo nililifunga mwenyewe. Nililifungua nikalifunga tena, mara tatu, fundo likiniudhi.

Jioni hiyo nilisugua sufuria zote nikazipindua. Nilifunga mlango wa jiko, nikavua ufunguo shingoni, nikaenda chumba cha mbele nikauning'iniza kwenye gurudumu la cherehani.

"Hiki nini?" akauliza.

"Mpaka kesho niwe mbali na moto."

"Usinivike ufalme nikiwa na njaa," akasema. Lakini akauchukua.

Asubuhi tulikwenda wote na matumbo matupu. Daktari wa nusukaputi alimwinamia akamuuliza kama amekula au amekunywa. "Sijagusa," akasema Sindano, "na wifi yangu naye hajagusa, mpime ukitaka." Wakampeleka.

Daktari Polepole alitueleza baadaye, Sindano akiwa ameketi kitandani na bomba la kutoa majimaji ya kidonda ubavuni. Uvimbe ulikuwa umesogea hadi kwapani. Mwezi wa tatu angetoa uvimbe peke yake. Sasa alilazimika kuliondoa ziwa zima na tezi za kwapa. Nilimuuliza ni kiasi gani cha hayo ni uji na kiasi gani ni ugonjwa wa mji. Akafikiri, kama kawaida yake. "Bibi… haigawanyiki." Nilijua ananionea huruma, na nilijua pia kwamba ni kweli. Vyote viwili nikavibeba nyumbani.

Imepita miaka mitatu. Kansa haijarudi. Mkono wa kushoto unamvimba, hawezi kukamua nguo wala kuinua sufuria, na cherehani anaendesha nusu siku. Siku hizi anashona maziwa ya kitambaa kwa ajili ya wanawake wa kliniki waliotolewa ya kwao, kutoka kwenye nguo chakavu za thieta ambazo mimi namletea. Nazileta kwa karatasi yenye sahihi. Hayapimi kwa futi. Anamtazama mwanamke mara moja, anamgeuza kwa bega, anakata.

Wale wa kabatini siwajui hata majina. Namba nane alikatwa mwezi wa nane, hilo nililisikia, zaidi ya hapo sikuuliza.

Ufunguo wa jiko Sindano hakunirudishia. Niliudai mara moja tu, alipotoka hospitali, akasema ameuzoea shingoni. Kila asubuhi nasimama mlangoni pa jiko langu mwenyewe namngoja aje na mkono wake ule afungue, na kabla sijawasha moto nasikia, "Unakoroga nini leo, wifi, na kwa ajili ya nani?" Nami namweleza.